Geuza Kifungo Utazame Mgongo: Siku Sita za Kufuata Vifungo na Sindano Uingereza

Siku ya kwanza, Ijumaa. Bermondsey, London

Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa tayari Bermondsey Square, tochi mkono mmoja, kioo cha kukuzia mfukoni. Soko la vitu vya kale hapa ni la Ijumaa tu, na wanaojua huwahi. Ukichelewa mpaka saa tatu unakuta masahani na vijiko, vifungo vyote vizuri vishaenda.

Nitangulize kusema kilichonitoa nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona Mombasa, na chini ya meza ya cherehani yake palikuwa na mkebe wa chai uliojaa vifungo. Vingine vilitoka kwenye makoti ya wazungu wa zamani, vingine kwenye sare, vingine hakuna aliyejua. Humo humo palikuwa na pakiti ya sindano ya karatasi nyeusi, imeandikwa Redditch. Nilipokuwa mdogo nilidhani Redditch ni jina la fundi mwenzake. Sasa naishi Uingereza mwaka wa saba, nimeshakusanya vifungo zaidi ya elfu mbili, na bado nilikuwa sijafika Redditch, mji zilikotoka sindano zile. Likizo hii ya mwezi wa tisa nikaamua nifuate vitu vile mpaka vilikozaliwa.

Meza ya tatu nilikuta mzee ana bakuli la vifungo vilivyochanganyika. Niliinua kimoja cheupe nikakigonga taratibu kwenye jino la mbele. Yule mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, maana hata yeye hupima hivyo hivyo. Lulumizi, yaani ule ung'aro wa ndani ya gamba la chaza, ukiugusa kwa jino unasikia ugumu wa jiwe na ubaridi. Plastiki inasikika butu na haina baridi. Baba alikuwa akifanya hivyo kila akiletewa shati la kubadilishwa vifungo, kabla sijajua kwamba duniani kuna watu wanaoitwa wakusanyaji. Kisha alikuwa akikigeuza. "Uso humdanganya mtu," alikuwa akiniambia, "tazama mgongo." Vifungo vingi vya lulumizi nyuma huwa vimebaki na ganda la nje la chaza, lenye kahawia au kijivu, kwa sababu mkataji hakutaka kupoteza unene wa gamba.

Nikanunua bakuli zima kwa pauni 14.

Mchana nilipita St Martin-in-the-Fields, kanisa lililo ubavuni mwa Trafalgar Square, nikashuka chini kwenye chumba cha ardhini kumwona Henry Croft. Ni sanamu ya jiwe ya mtu mfupi aliyevaa suti iliyofunikwa vifungo kutoka kofia hadi miguuni. Croft alilelewa katika nyumba ya mayatima, akawa mfagiaji wa barabara. Alishona vifungo vya lulumizi kwenye suti yake yote ili watu wamtazame, apate kuwachangishia fedha wagonjwa na maskini. Kutoka kwake wakaja wale wanaoitwa wafalme na malkia wa lulu wa London, ambao mpaka leo huvaa hivyo wakichangisha. Alifariki 1930. Nilisimama pale muda mrefu. Mfagiaji wa barabara alichukua kitu kidogo kuliko vyote kwenye nguo, akakirudia mara maelfu.

Siku ya pili, Jumamosi. Birmingham

Treni kutoka Euston, kisha kwa miguu hadi Jewellery Quarter, mtaa wa masonara. Hapa na mitaa ya jirani ndipo palipokuwa kitovu cha vifungo katika karne ya 18 na ya 19. Matthew Boulton, yule aliyekuja kushirikiana na James Watt katika injini za mvuke, alirithi kwa baba yake biashara ya vifungo na bizimu. Kiwanda chake cha Soho kilitoa vifungo vya chuma vilivyochongwa pande nyingi vikang'aa kama vito, na vingine vilitiwa katikati vipande vya kauri vya Josiah Wedgwood, vyenye picha nyeupe juu ya buluu. Niliviona nyuma ya kioo. Ukiwa karibu unaona kila nukta ya chuma imefungwa peke yake, moja moja, kama ushanga.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya migongo. Katika bakuli la jana nilikuwa na vifungo vinne vya shaba bapa, vya koti la mwanamume, vyenye kitanzi nyuma. Mbele havina kitu, vimechakaa. Nyuma, kuzunguka kitanzi, kwa herufi ndogo: TREBLE GILT. Maana yake vimepakwa dhahabu mara tatu. Maneno kama haya yalienea mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwaka 1796 Bunge lilitunga sheria ya vifungo vya madini kwa sababu wanunuzi walikuwa wakidanganywa, wanauziwa shaba tupu kwa jina la dhahabu. Baada ya hapo mtengenezaji aliona fahari kuandika ubora nyuma, mahali ambapo mvaaji peke yake angepaona. Nilivipeleka kwenye mwanga wa dirisha, na kweli, kando ya kitanzi, ambapo kitambaa hakikuwahi kusugua, dhahabu ingali ipo.

Katika duka moja dogo nilionyeshwa kikasha cha sindano cha shaba, chenye umbo la kipepeo aliyekunja mabawa. Ni kazi ya W. Avery and Son wa Redditch. Vikasha hivi vilitengenezwa kuanzia miaka ya 1860 mwishoni, vingine vina umbo la toroli, vingine mnyama, vingine kiti, na ndani hukaa pakiti za sindano kwa namba. Kwenye shaba palikuwa na alama ya pembe nne iliyosimama kama uru wa karata. Hiyo ni alama ya kusajili umbo la bidhaa, iliyotumika Uingereza kuanzia 1842 hadi 1883. Duara la juu lina namba I ya Kirumi, maana yake kitu cha madini. Herufi na namba za pembeni zinataja siku, mwezi na mwaka wa usajili. Hapa ndipo wengi hukosea: mpaka 1867 herufi ya mwaka ilikaa juu, na kuanzia 1868 ikahamishiwa kulia. Ukisoma pembe isiyokuwa yake, unaweza kukipa kitu umri usio wake. Kuanzia 1884 uru uliachwa, ikabaki namba inayotanguliwa na Rd.

Bei yake ilikuwa zaidi ya bajeti yangu ya safari nzima. Nilikishika, nikakisoma, nikakirudisha.

Nilichomudu ni subana, ile kofia ya kidole ya kusukumia sindano. Ilikuwa nzito kuliko fedha ya kawaida, na ndani ya ukingo imeandikwa Dorcas. Subana za fedha zilikuwa na tatizo moja: fedha ni laini, sindano huitoboa. Charles Horner wa Halifax alipata hataza mwaka 1884 ya kuweka chuma katikati ya matabaka mawili ya fedha. Kwa sababu ya chuma hicho, Dorcas za mwanzo hazina mihuri ya fedha, kama ile nanga ya Birmingham au simba anayetembea, na watu wasiojua huziuza kama takataka. Hii nilipewa kwa pauni 9. Imevaliwa. Upande mmoja vile vishimo vimelainika kabisa, maana yake mwenye nayo alisukuma sindano kwa upande uleule miaka mingi.

Siku ya tatu, Jumapili. Ndani, meza ya chumba cha kulala wageni

Mvua kutwa. Nikamwaga bakuli la Bermondsey juu ya taulo nyeupe nikaanza kupanga. Hii ndiyo kazi hasa, na kwangu inapita hata kununua.

Kwanza, vile vyeusi. Muuzaji mmoja wa Ijumaa aliniuzia kifungo kizuri cheusi akisema ni jeti, ule mti wa kale uliogeuka jiwe unaochimbwa Whitby. Baada ya Albert, mume wa Malkia Victoria, kufariki Desemba 1861, malkia alivaa nyeusi maisha yake yote yaliyobaki, na nchi ikamfuata, hivyo vitu vyeusi vya matanga vikahitajika kwa wingi. Lakini jeti ni nyepesi na si baridi mkononi, na ukiisugua kwenye mgongo wa kigae kisichong'arishwa huacha mstari wa kahawia. Changu ni kizito, baridi, na hakikuacha mstari wowote. Ni kioo cheusi. Vifungo vingi sana vinavyoitwa jeti ni kioo. Sikukasirika, maana kioo chenyewe kimekatwa kwa ustadi, na kitanzi chake kimezamishwa kikiwa bado moto.

Kisha vile vya rangi, vya plastiki za zamani. Hapa pua ndiyo chombo. Unachovya kifungo kwenye maji ya moto sekunde chache unanusa. Bakelaiti, aliyoivumbua Leo Baekeland 1907, hutoa harufu kali kama dawa ya kuoshea sakafu ya hospitali. Kazeini, ambayo imetengenezwa kwa maziwa yaliyogandishwa, hunuka maziwa yaliyoungua. Seluloidi hunuka kafuri, kwa sababu kafuri imo ndani yake. Kwetu sisi harufu hiyo ni ya msibani, ya kuandaa maiti, na kila nikiipata kwenye kifungo cha gauni la sherehe moyo hushtuka kidogo.

Niwaombe wanaoanza: msitumie sindano ya moto. Vitabu vingi vya zamani vinaelekeza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilichomeka sindano ya moto kwenye kifungo cha seluloidi kikashika moto ghafla kama kiberiti. Nina kovu la kidole gumba, na kifungo kilikwisha kabla sijajua ni cha nini. Maji ya moto yanatosha, tena si kwa vifungo vyenye karatasi, kitambaa au chuma.

Vilikuwapo vyeupe vidogo vya matundu manne, vya mashati na foronya, kama thelathini. Mtu huvidhani kioo. Ukivigeuza, mgongo una vidoti kama ganda la chungwa. Hivyo ni vya kauri, vilivyofinyangwa kwa udongo mkavu uliosagwa na kukandamizwa kwenye kalibu. Richard Prosser wa Birmingham alipata hataza ya njia hiyo 1840. Baadaye Wafaransa wa Briare waliichukua wakaiendeleza, na kwa njia hiyohiyo wakatengeneza shanga zilizopelekwa Afrika kwa wingi. Kwa hiyo kifungo cha shati la mtoto wa Kiingereza na ushanga wa shingoni mwa bibi zetu vinaweza kuwa ndugu.

Usiku nikampigia Baba simu ya video.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilimwonyesha kifungo cha kahawia chenye madoa mbele. Hakukitazama. "Kigeuze."

Nikakigeuza, nikakisogeza kwenye kamera. Mgongo una mistari miembamba iliyozungukana kama alama ya kidole.

Akanyamaza kidogo. "Hiyo kokwa ya koma hiyo. Yale makoma mliyokuwa mkiguguna mkitoka chuoni."

Baba hakuwa mbali. Wakusanyaji huiita pembe ya ndovu ya mimea, na ni kokwa ngumu ya jamii ya mitende. Nyingi zilitoka Ecuador, kutoka mti wa tagua, na vifungo vyake vilienea kwenye masuti kuanzia miaka ya 1860. Lakini wakati wa ukoloni wa Italia, kokwa za mkoma kutoka Eritrea pia zilisafirishwa kwenda kukatwa vifungo. Mkoma ni huuhuu ambao kwetu majani yake tunasuka miyaa ya majamvi na vikapu. Nimekuwa nikiiguguna malighafi ya vifungo tangu utoto bila kujua.

Siku ya nne. Redditch

Treni kutoka Birmingham New Street inaishia hapa, dakika kama arobaini. Kutoka stesheni nilitembea hadi Forge Mill, kinu cha maji kilicho kando ya magofu ya abasia ya Bordesley. Kinu kilianza kusugua sindano 1730 na sasa ni makumbusho. Malkia Elizabeth II ndiye aliyeyafungua 1983. Wakati wa Malkia Victoria, mji huu na vijiji vyake vilitoa sehemu kubwa mno ya sindano za dunia nzima.

Nilikuwa sijawahi kufikiri sindano inatengenezwaje. Waya unakatwa urefu wa sindano mbili. Unanyooshwa. Unachongwa ncha pande zote mbili. Katikati unagongwa mhuri wa macho mawili, yanatobolewa, ndipo unavunjwa ukawa sindano mbili. Kisha moto wa kukazia chuma, kisha kusugua. Kusugua ndiyo kazi ya kinu: makumi ya maelfu ya sindano hufungwa pamoja kwenye turubai na sabuni laini na unga wa msasa, zikawa kama bunda la mkeka, zikaviringishwa chini ya mbao nzito zinazosukumwa na gurudumu la maji. Baada ya muda wa saa nane hivi, zinafunguliwa, zinaoshwa, zinafungwa upya, zinarudishwa. Ilichukua karibu wiki nzima mpaka sindano iteleze kwenye kitambaa.

Lakini siwezi kuandika kuhusu Redditch nikaishia kwenye gurudumu. Wachonga ncha walikaa mbele ya jiwe la kusagia linalozunguka, wakashika sindano kwa makumi kwenye kiganja, wakaziviringisha ili zote zichongoke sawa. Jiwe lilikuwa kavu. Vumbi la jiwe na chuma liliwaingia mapafuni. Walilipwa vizuri kuliko wengine, na wachache walifika miaka arobaini. Vilipoletwa vifaa vya kufyonza vumbi, baadhi yao walivikataa, kwa hofu kwamba hatari ikipungua na mshahara utapungua.

Nilikuwa nimebeba ile pakiti ya Baba. Karatasi nyeusi, namba 7. Katika namba za sindano, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, na saba ni ya kazi za kawaida, ya kupiga pindo na kushikiza vifungo. Nilitoa moja nikaipitisha kwenye kidole. Baba alizitumia maisha yake yote, akizichomeka kwenye ukosi wa shati akitafuta uzi. Zile za zamani zilizozitangulia zilipita kwenye viganja vya watu waliokuwa wanakohoa.

Kwenye kabati moja nilikuta vikasha vya shaba vya Avery, kipepeo miongoni mwao. Safari hii nilimtazama bila haraka.

Siku ya tano. Njiani

Birmingham, Bristol, Salisbury, Gillingham ya Dorset, kisha basi. Kutwa nzima. Nilinunua chai mbaya mara mbili na kuandika lebo za vifungo vya Jumapili: aina, ukubwa, mgongo, nilikonunua. Lebo bila mahali ulikonunua haina faida baada ya miaka mitano.

Siku ya sita. Shaftesbury

Mji uko juu ya kilima, na Gold Hill ni mteremko mkali wa mawe wenye nyumba upande mmoja. Kileleni kuna makumbusho madogo, na humo vifungo vya Dorset, ndivyo vilivyonipandisha kilima.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1622 mtu aitwaye Abraham Case alianzisha hapa biashara ya vifungo vya uzi. Vya mwanzo vilijengwa juu ya kipande cha pembe ya kondoo, kikafunikwa kitambaa na kushonewa juu mpaka kikasimama kama kichuguu. Baadaye wakatumia pete za waya. Wanawake na watoto wa vijijini walivishona nyumbani, kwenye mwanga wa dirisha, kisha siku maalumu wakavipeleka kwa wakala, akavihesabu, akawalipa. Walipata zaidi ya kibarua cha shambani, tena wakabaki na mikono isiyopasuka. Mwaka 1851, katika maonyesho makubwa ya London, ilionyeshwa mashine ya John Ashton ya kutengeneza vifungo. Kazi ya mkono ikafa ndani ya miaka michache. Familia zikakosa chakula, na nyingi zikasafirishwa Canada na Australia.

Nilivitazama nikamwona Mama, Mungu amrehemu. Mama alikuwa akishona kofia za viua. Vile vitundu vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi mpaka kikaze, mamia kwa mamia kwenye kofia moja, alivifanya barazani jioni huku akisikiliza redio. Kofia ikikamilika mtu alikuja kuichukua, akataja bei yeye. Hakuna kofia yenye jina la aliyeishona. Kifungo cha Dorset nacho hakina.

Niliketi kwenye benchi juu ya Gold Hill na pete ya shaba, uzi wa pamba na sindano ya Redditch, nikajaribu kile wanachokiita gurudumu la mkokoteni. Kwanza unaizungusha pete yote kwa mshono wa kufunga ukingo, kama wa kiua. Kisha unausukuma ukingo wa mshono uingie ndani, pete ibaki laini. Kisha unatandaza nyuzi kutoka upande hadi upande, ziwe kama mikono ya gurudumu, na kuzifunga katikati. Hapo ndipo pagumu, maana zikifungwa kombo gurudumu zima linakwenda kombo. Mwisho unasuka kuzunguka, kutoka kati kwenda nje, mpaka pete ijae. Kimenichukua saa moja na nusu.

Nikakipiga picha nikamtumia Baba.

Jibu lake la sauti lilikuja nikiwa kituoni Gillingham. "Kizuri. Nitumie mgongo."

Nikautuma. Nikamsikia anacheka kidogo, halafu akakaa kimya kama alivyokuwa akifanya mteja akimletea suruali iliyoharibiwa kwingine.

"Fundo umelikaza katikati, mwanangu. Litavimba kwenye nguo, kifungo kitakaa upande. Mamako alikuwa akilificha ukingoni, ndani ya mshono. Fumua ile duru ya mwisho tu, usifumue yote."

Nilifumua kabla hatujafika Salisbury.